Nyota Iliyohama Juu ya Mlingoti

Usiku mmoja wa mwishoni mwa Agosti, umeme ulipokatika Pangani nzima katikati ya prepo, niliwatoa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu darasani nikawakusanya uwanjani, kwa sababu watoto arobaini na wawili waliokaa gizani na mwalimu mmoja mwenye tochi ya simu hawajisomei chochote. Mwezi haukuwepo. Mji ulikuwa kimya isipokuwa jenereta moja iliyokuwa ikinguruma upande wa mtoni, na anga lilikuwa limejaa nyota kwa wingi ambao hata mimi niliyezaliwa pwani huusahau kila taa zinapowaka.

Mimi hufundisha jiografia, na wiki ile tulikuwa kwenye mada ya kutafuta pande za dunia bila dira, kwa hiyo niliona nimeletewa somo mlangoni. Niligeuka kuelekea kaskazini. Juu kabisa ya ncha ya mlingoti wa bendera palikuwa na nyota moja nyeupe yenye ubuluu kwa mbali, kali, isiyo na mwenzake wa kushindana naye upande ule wote, imesimama karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Sikusita hata kidogo. Niliwaambia kwamba hiyo ndiyo Nyota ya Kaskazini, kwamba haibanduki mahali pake usiku kucha wakati nyingine zote zikiizunguka, na kwamba mabaharia wameitegemea tangu zama na zama. Waliokuwa na daftari waliandika kwa mwanga wa simu yangu. Umeme ukarudi, tukaingia ndani.

Saa nne na nusu, prepo ilipokwisha, binti mmoja wa darasa lile alinisubiri uwanjani. Aliniamkia tena ingawa tulikwisha kuamkiana jioni, jambo ambalo mwanafunzi hulifanya anapokuwa na neno zito, kisha akasema, "Samahani mwalimu, ile nyota ya kaskazini imehama." Nikamwambia labda amesimama mahali tofauti na pale tuliposimama mwanzo. Akaniangalia kwa adabu, akanionyesha jiwe chini ya miguu yake. Alikuwa ameliweka pale tangu saa mbili na nusu ili apajue mahali. Nikasimama juu ya jiwe lile, nikatazama, na nyota haikuwa juu ya mlingoti. Ilikuwa imeteremka kidogo na kusogea kushoto, juu ya mwembe wa jikoni. Nilinyoosha mkono na kupima kwa ngumi, kama ninavyowafundisha wao, kwa kuwa ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika takribani digrii 10 za anga. Zilikuwa ngumi mbili.

Nilimwambia akalale, nitamjibu kesho. Jibu sikuwa nalo.

Usiku ule nilipakua kwenye simu programu moja ya bure inayoonyesha ramani ya anga, nikaielekeza kwenye mwembe, na jina likatokea: Vega. Ni nyota ya tano kwa mng'ao katika anga lote la usiku, na katika nusu ya kaskazini ya anga inapitwa na moja tu, Arcturus, ambayo Waarabu huiita Simaki. Nyota ya Kaskazini yenyewe, ile ya vitabuni, Polaris, nilipoitafuta nikaona programu inanielekeza ardhini, chini ya sakafu ya nyumba ya walimu. Hapo ndipo nilipotulia na kufanya hesabu ambayo mwalimu wa jiografia alipaswa kuifanya miaka ishirini iliyopita. Polaris ipo karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote huonekana zikiizunguka, na ncha hiyo huonekana juu ya upeo wa macho kwa kimo kilicho sawa na latitudo ya mtazamaji. Aliye London huiona ncha kwenye digrii 51 na nusu. Aliyeko kwenye ikweta huipata ncha imelala juu ya mstari wa upeo wa macho. Sisi wa Pangani tupo digrii 5 na dakika kadhaa kusini ya ikweta, kwa hiyo Polaris kwetu ipo chini ya upeo wa macho kila siku ya mwaka, na hakuna mtoto wa Tanzania aliyewahi kuiona akiwa nyumbani kwao.

Nilikuwa nimefundisha jambo hilo kwa miaka mingi. Vitabu tulivyosomea vinaeleza Nyota ya Kaskazini kana kwamba kila msomaji anaweza kutoka nje akaitazama, na mwalimu ambaye hajatoka nje anayarudia maelezo hayo kama yalivyo. Halafu kuna kosa la pili lililojificha ndani ya la kwanza, nalo ni imani kwamba Nyota ya Kaskazini ni lazima iwe inang'aa sana, eti kwa sababu ni maarufu. Polaris ni nyota ya wastani tu, na Vega inaishinda kwa mng'ao takribani mara sita. Mtu aliyeshika imani hizo mbili, akigeuka kaskazini usiku wa Agosti mahali popote kwenye pwani yetu, ataiona Vega na ataikabidhi cheo kisicho chake. Ndivyo nilivyofanya, tena mbele ya mashahidi.

Asubuhi nilisahihisha darasani. Wanafunzi walifurahi kupita kiasi, kama ilivyo kawaida yao mwalimu anapokosea, na yule binti alikaa kimya akiandika.

Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia nyota hii, mwanzoni kwa aibu na baadaye kwa mapenzi, na nimegundua kwamba si mimi peke yangu niliyeifanya alama isiyotikisika kisha ikatikisika. Nitaanza na watu wa baharini, kwa sababu ndio waliokuwa karibu nami.

Jirani yangu mmoja ni mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi kati ya Pangani, Pemba na Unguja kabla ya miguu kumgomea. Jumamosi moja nilimfuata barazani kwake, nikampa shikamoo, nikamweleza kisa cha mlingoti. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu," akasema, "kwetu huku nyota isiyotembea haipo. Zote zinatembea. Nyota haishikwi ikiwa juu, hushikwa inapozuka au inapozama." Akaeleza kwamba nyota iliyopanda juu haina faida kwa mwenye usukani kwa sababu haijulikani imeelekea wapi, lakini ile iliyotoka majini sasa hivi ipo mahali pamoja tu, na kesho itazukia pale pale, na mwakani vilevile. Yeye alijifunza Kilimia na Suheli, akanisomea na ile kauli ya wazee kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Vega hakuijua kwa jina hilo la Kizungu.

Lakini jina hilo si la Kizungu, na hapa ndipo nilipoduwaa. Vega ni neno la Kiarabu lililopitia midomo ya Walatini wa Ulaya ya zamani: waqi', kutoka katika jina refu zaidi, an-nasr al-waqi', yaani tai anayetua. Waarabu walizitazama nyota hii na mbili hafifu zilizo jirani yake, wakaona umbo la ndege aliyekunja mbawa akishuka. Upande wa pili wa Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga hafifu unaokatiza anga, waliona nyota nyingine kali iliyo na mwenzake huku na mwenzake huku katika mstari mmoja, kama mbawa zilizotandazwa, wakaiita an-nasr at-ta'ir, tai anayeruka, na wazungu wakaliokota neno la mwisho tu wakasema Altair. Nyota kali ya tatu, inayokamilisha pembetatu na hizo mbili, ni Deneb, yaani dhanab, mkia. Msomaji yeyote aliyepita madrasa anazo shina hizi kichwani tayari. Waqi' ni ndugu wa jina la Suratul Waqia, tukio litakaloangukia watu; ta'ir ni ndugu wa wale ndege katika Suratul Fiil; na dhanab huandikwa kwa herufi zile zile tatu zilizotupatia sisi neno dhambi, ingawa mkia na dhambi havihusiani, au labda vinahusiana kwa namna ambayo sitaijadili hapa.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walioandika kwa Kiarabu waliigawa duara ya upeo wa macho katika sehemu 32, na badala ya kuzipa namba walizipa majina ya nyota zinazozuka na kuzama mahali hapo au karibu napo. Kaskazini palikuwa pa Jah, ambayo ndiyo Polaris. Mashariki palikuwa pa Ta'ir. Katikati, kati ya sehemu ya Ayuki na ile ya Simaki, palikuwa pa Waqi', nyota yangu ya mlingoti. Upande wa mashariki wa dira hiyo uliitwa matla', mazukio, na upande wa magharibi maghib, machweo. Nahodha wangu wa barazani hulitumia neno matlai kila siku anapozungumzia upepo wa mashariki, na nilipomwambia kwamba neno hilo maana yake ni mahali nyota zinapozukia, alinyamaza kidogo, akasema basi ndiyo sababu. Ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15 aliyetoka Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo, aliijua dira hiyo kwa moyo na aliandika kuhusu njia ya pwani yetu hadi Sofala. Watu wa aina yake walipovuka ikweta kuja kusini, Jah ilizama nyuma yao, wakabaki na nyota zinazotembea. Hawakubabaika, maana hawakuwahi kuzidai zisimame.

Wanaanga wa Ulaya, yaani wataalamu wa nyota, ndio waliozidai. Karne ya 19 swali kubwa lililowasumbua lilikuwa umbali wa nyota, na njia ya kuupima ilijulikana ingawa hakuna aliyeiweza. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho moja, kisha badilisha jicho: kidole kitaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine mbele ya ukuta ulio mbali. Dunia ikilizunguka jua, inatupeleka upande mmoja mwezi wa Januari na upande wa pili mwezi wa Julai, na nyota iliyo karibu inapaswa kuruka vivyo hivyo mbele ya zilizo mbali. Ugumu ni kwamba kuruka huko ni kudogo ajabu. Kwa Vega, pembe inayotumika katika hesabu hiyo ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita mbili na nusu iliyoshikwa mkononi Tanga mjini, ikitazamwa na mtu aliyesimama huku Pangani, umbali wa kilomita 40 hivi.

Friedrich Georg Wilhelm von Struve, aliyekuwa akifanya kazi Dorpat, mji ambao sasa ni Tartu nchini Estonia, aliichagua Vega kwa sababu mng'ao wake ulimfanya aamini ipo karibu. Mwaka 1837 alitangaza jibu lake la kwanza: pembe ya sekunde 0.125 (sekunde ya pembe ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii), akikiri kwamba bado vipimo ni vichache. Kipimo cha leo ni sekunde 0.130. Alikuwa amepatia. Kisha akaendelea kupima kwa bidii zaidi, na mwaka 1840 akaleta jibu la pili, 0.26, zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza, akaliharibu lililokuwa sahihi. Wakati huohuo Friedrich Bessel, mwanaanga wa Königsberg, alikuwa amekwisha kutangaza, mwaka 1838, umbali wa nyota nyingine hafifu iitwayo 61 Cygni, kwa vipimo vilivyotulia, na sifa ya kuwa wa kwanza ikaenda kwake. Huku kwetu Afrika, Thomas Henderson alikuwa amepima nyota ya Alpha Centauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, ila hakuyatoa matokeo yake mpaka 1839. Kati ya watatu hao ninayemwonea huruma ni Struve. Mtu anayekosea kwa uvivu, kama nilivyokosea mimi, anastahili kuchekwa na Kidato cha Tatu, lakini anayepatia mara ya kwanza kisha bidii yake ikamtoa kwenye ukweli hana hata wa kumlaumu.

Umbali wa Vega ni miaka ya nuru 25, yaani mwanga wake huchukua miaka 25 kutufikia. Mwanga uliotua juu ya mlingoti wetu usiku ule uliondoka Vega wakati mimi nikiwa chuo cha ualimu nikijifunza, pamoja na mengine, habari za Nyota ya Kaskazini, na yule binti alikuwa hajazaliwa.

Kwa upande wa picha, Vega ndiyo nyota ya kwanza kupigwa picha, ukiliacha jua. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1850, William Cranch Bond na mpiga picha John Adams Whipple waliielekeza darubini kubwa ya Harvard, Marekani, kwenye nyota hiyo, wakaacha mwanga wake uingie kwa sekunde 100 juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Nilijaribu kuwaiga. Nilisimamisha simu yangu kwa kuiegemeza kwenye chupa ya maji juu ya ukuta, nikaiweka kwenye picha ya usiku ya sekunde 30, nikajitenga nisitikise kitu. Nilipoikuza picha, Vega haikuwa nukta. Ilikuwa na urefu kidogo, kama punje ya mchele, kwa sababu katika nusu dakika hiyo Dunia ilikuwa imegeuka. Niliituma picha hiyo kwa walimu wenzangu bila maelezo, na mmoja akauliza kwa nini ninawatumia mchele.

Kisha kuna habari ya sifuri. Wanaanga huupima mng'ao wa nyota kwa namba, ambapo namba ndogo ni mng'ao mkubwa, na walipotengeneza kipimo hicho kwa vifaa vya kisasa waliichukua Vega kuwa msingi wake: yenyewe ingekuwa sifuri, na nyota zote zingelinganishwa nayo, kama gramu zinavyolinganishwa na jiwe la mizani. Ilionekana inafaa. Inang'aa, rangi yake ni nyeupe safi, na ilidhaniwa kuwa nyota tulivu isiyo na vituko. Leo vipimo makini huipa 0.03, kwa hiyo hata sifuri yenyewe si sifuri kamili, lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni lililotokea mwaka 1983. Setilaiti ya IRAS, iliyorushwa Januari mwaka huo kupima miale ya infraredi, yaani joto lisiloonekana kwa macho, ilielekezwa kwenye Vega kwa ajili ya kurekebisha vifaa tu, kama mwenye duka anavyoijaribu mizani yake kabla ya kufungua. Mizani ikakataa. Vega ilikuwa ikitoa infraredi nyingi kuliko nyota ya aina yake inavyopaswa, na chanzo chake kikaonekana kuwa vumbi lililoizunguka kwa upana mkubwa, likipashwa joto nayo. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amegundua kisahani cha vumbi cha aina hiyo kwenye nyota nyingine, na wazo kwamba sayari zinaweza kuwa jambo la kawaida lilipata nguvu kutoka hapo, kutokana na nyota iliyochaguliwa kwa sababu haina la kusema. Mwaka 2024 picha za darubini za anga za Hubble na James Webb zilikionyesha kisahani hicho, chenye upana wa karibu kilomita bilioni 160, kikiwa laini kwa kiasi kilichowashangaza wataalamu wenyewe, bila mifereji ambayo sayari kubwa ingeichimba ikipita humo. Kwa nini nyota nyingine inayofanana nayo ina mikanda na mapengo, na hii haina, bado wanabishana.

Na mzunguko wake nao uliwapiga chenga. Kwa muda mrefu Vega ilionekana inajizungusha polepole. Mwaka 2006 matokeo ya darubini kadhaa zilizounganishwa juu ya mlima Wilson, California, yalithibitisha kwamba inajizungusha kwa kasi kubwa, kwa vipimo vya baadaye mara moja katika saa zipatazo 16 tu, wakati jua letu huchukua karibu mwezi, na kwamba kasi hiyo imeivimbisha kiunoni na kuifanya sehemu hiyo iwe na joto dogo kuliko ncha zake. Hatukuona kwa sababu ncha yake mojawapo imetuelekea sisi. Ukiichezesha pia, kile kichezeo cha mti cha kuzungusha, sakafuni na kuitazama ukiwa umeinama juu yake sawasawa, usipokuwa makini utadhani imesimama. Niliileta pia hiyo darasani kwa ajili ya jambo hilo, na ikanifaa kwa jingine.

Pia hiyo ikikaribia kuchoka, kichwa chake huanza kuyumba taratibu na kuchora duara hewani huku yenyewe bado ikizunguka kwa kasi. Dunia inafanya hivyo hivyo, na duara moja la kuyumba kwake huchukua miaka ipatayo 26,000. Mhimili wa Dunia ukiyumba, ncha ya kaskazini ya anga inahama kutoka nyota moja kwenda nyingine. Leo ipo kwa Polaris. Miaka 14,000 hivi iliyopita ilikuwa karibu na Vega, na mnamo mwaka 14,000 itarudi tena karibu nayo, si kwa usahihi kama wa Polaris wa leo, kwa kuwa itabaki pengo la digrii 4 hivi, lakini kwa mng'ao ule hakuna atakayeitafuta kwa shida. Nilipofika hapo kwenye maelezo, darasa lilianza kunipigia makofi. Walikuwa wameona kabla yangu kwamba mwalimu wao hakukosea, ila aliwahi mno.

Ni yule binti wa jiwe tena aliyenyoosha mkono. Alikuwa amechora pembeni mwa daftari lake duara, mstari wa ikweta, na Pangani chini kidogo ya mstari huo. Aliuliza, ikiwa Polaris haionekani hapa kwa sababu ipo karibu na ncha ya kaskazini, Vega nayo ikifika pale itakuwaje. Nilichukua chaki tukafanya hesabu pamoja ubaoni. Hivi sasa Vega ipo digrii karibu 39 kaskazini ya ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta yetu, ndiyo maana kwetu hupanda hadi digrii 45 au 46 na kukaa juu kwa saa zipatazo 11 kila inapozuka. Siku hizo za mbali itakuwa kwenye digrii 86. Kutoka Pangani, ncha ya kaskazini ipo digrii 5 na nusu hivi chini ya upeo wa macho, na nyota iliyo digrii 4 tu kutoka kwenye ncha hiyo haiwezi kuchomoza hata ikifika juu kabisa ya mzunguko wake. Upungufu ni mdogo, digrii moja na nusu, unene wa kidole kimoja hivi kwa mkono ulionyooshwa, lakini itakuwa chini. Vega itakapokuwa Nyota ya Kaskazini kwa haki, watu wa Pangani hawataiona.

Anayetaka kuiona sasa asisubiri. Kuanzia Julai hadi Oktoba, usiku usio na mwezi, ageuke kaskazini baada ya Isha. Julai ataikuta bado ipo kaskazini-mashariki ikipanda. Mwishoni mwa Agosti, saa mbili na nusu usiku, itakuwa kaskazini kamili. Oktoba itakuwa imeegemea magharibi. Altair ipo juu zaidi upande wa mashariki wake, Deneb ipo chini kulia, na Njia Nyeupe inapita katikati yao, ile ambayo Wachina na Wajapani husimulia kwamba ni mto unaowatenga mfumanguo, ambaye ni Vega, na mchunga ng'ombe wake, ambaye ni Altair, wakiruhusiwa kuonana usiku mmoja tu kwa mwaka, wa siku ya saba ya mwezi wa saba. Mwenye darubini ya mkononi aitazame pia nyota hafifu iliyo jirani kabisa na Vega, iitwayo Epsilon Lyrae. Kwa darubini hiyo itagawanyika kuwa mbili, na kwa darubini kubwa kila moja kati ya hizo mbili hugawanyika tena.

Jiwe bado lipo uwanjani. Mwaka huu nimeliomba lipakwe chokaa, na mlinzi wa shule ameahidi kutoliondoa anapofagia.